Ngoma za Wifi Yangu

Wifi yangu ni mshonaji. Anashona vifuniko vya makochi, na akiwa kwenye cherehani mguu wake wa kushoto, ule usiokuwa na kazi, haukai kimya. Ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba kwao, na tangu wazazi wao walipofariki anaishi na sisi. Mume wangu ni fundi makochi, mimi nakata vitambaa, yeye anashona. Jioni akitoka hapa karakanani anakwenda kupiga ngoma kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki, ile ya magitaa ya kukwaruza, na usinitolee macho kama walivyonitolea shoga zangu. Ngoma zenyewe alinunuliwa na kaka yake. Ni kuukuu, lakini ukithubutu kulisema hilo mbele ya mume wangu atakula na wewe sahani moja.

Albamu yao ya kwanza ilikuwa ya kishindo. Mimi ilikuwa inanipa kipandauso, sisemi uongo, ila mtaa mzima uliipenda na mume wangu kuliko wote. Asubuhi akifungua karakana anaiweka, anapigilia misumari kwa mdundo wa mdogo wake, na mteja akija kuuliza bei ya kubadilisha sponji anaulizwa yeye kwanza kama anamjua anayepiga hizo ngoma. Tuliishi hivyo, tukazoea.

Kisha ikatoka ya pili. Magitaa yapo, lakini ngoma zimeshuka. Kuna mahali anapiga kwa viganja vitupu, na kuna mahali hapigi kabisa mpaka mwimbaji amalize maneno yake. Wifi ndiye aliyetaka hivyo. Alibishana na wenzake mpaka sauti ikamkauka, na siku moja tukikunja vitambaa akaniambia kwamba safari hii amepiga anachokisikia yeye mwenyewe. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa mmoja tunayemwita Nyaya kwa vile alivyokonda, alikubali kwa shingo upande. Akamwekea sharti: wasikilizaji wakiikataa albamu, watatafuta mpiga ngoma mwingine. Alilisema hapa hapa karakanani, amekaa juu ya kochi la mteja ambalo gundi yake haijakauka, na mume wangu alikuwepo, anasikia.

Basi mtaa ukagawanyika, kila mmoja na mdomo wake. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye maisha yake yote hajapiga hata kopo, alitangaza kuwa bendi imekufa na kilichobaki ni kuzika. Mama wa duka la dawa akasema hiyo ndiyo albamu ya kwanza ya roki anayoweza kuisikiliza huku anahesabu vidonge bila kukosea. Wakakaribia kununiana. Wateja nao, badala ya kuzungumzia makochi yao, wanazungumzia ngoma, tena mbele ya mpigaji mwenyewe, kana kwamba aliyeinama kwenye cherehani ni stuli. Mmoja alisema eti siku hizi yule binti anapiga kama anafukuza nzi. Nilikata kitambaa kilichokuwa mbele yangu kwa hasira mpaka mkasi ukaniuma kidole, na nilimwambia kochi lake halitakuwa tayari wiki ile. Lilikuwa limeshakwisha, lipo nyuma ya pazia.

Jumamosi mchana redio ikatenga kipindi kizima cha watu kupiga simu kuhusu albamu hiyo. Nyaya alikwisha kutuma ujumbe kwamba hicho ndicho kipimo chake. Wifi alijitia yuko kazini, lakini ukingo ule ule wa mto aliushona na kuufumua nadhani mara tatu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Dereva mmoja wa lori alisema anaisikiliza njia nzima na haimchoshi. Mwanamke mmoja alisema wimbo wa mwisho ulimliza akiwa anafua. Akaja kijana akaiponda, akaja mwingine akaitetea. Nikaanza kupumua. Mume wangu akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nikadhani anakwenda haja.

Mtangazaji akasema sasa tuna fundi makochi kwenye laini, na akamwomba asogee mbali na redio maana inapiga mluzi. Jamani! Mtu mwenye akili angezima redio. Yeye akasogea uani zaidi, karibu na mabomba ya maji, na redio akatuachia sisi ikiwa wazi. Tukamsikia mara mbili, kwanza kupitia dirishani, halafu redioni. Alisema bendi hii anaijua tangu hawajui hata kufunga nyuzi za gitaa. Alisema albamu mpya imepoa kama chai iliyosahauliwa. Kisha akasema, "Huyo mpiga ngoma mwambieni aamke, au akalale kwao."

Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa. Akamwomba arudie, na mume wangu, kwa kupenda sifa, akarudia. Kuanzia hapo hakuna aliyepiga simu bila kusema akalale kwao. Hata waliotaka kuisifu albamu waliona haya. Na kwao ni wapi? Kwao ni hapa. Analala chumba kinachotazamana na chetu, na huyo anayemwambia akalale kwao ndiye aliyemtundikia chandarua.

Akarudi ndani anasugua mikono, macho makavu. Nilimshukia pale pale. Nilimwambia hana haya, hana moyo, na hana adabu ya kuishi na watu. Yeye akashangaa, eti nimekasirikia nini, hakumtaja mtu jina. Akasema amemsaidia, maana sasa wenzake watamlazimisha arudi kupiga kama zamani, na siku moja atamshukuru. Ulikuwa utani tu, akasema, redioni bila utani hawakusikilizi. Wifi alikata uzi kwa meno, akageuza mto, akaendelea kushona.

Jumatatu Nyaya akaja. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni na kusema kwamba wenzake wamekubaliana kutafuta mtu mwingine, na kwamba asilaumiwe, kwani kama aliyezaliwa naye tumbo moja amesema vile, wao wa nje watamteteaje. Sauti ya fundi aliitambua tangu neno la kwanza. Mume wangu ndipo akaanza kubabaika. Eti hakumaanisha atolewe. Eti nyimbo mbili tatu si mbaya, hasa ule wa mwisho.

"Kaka, usinitetee," wifi akasema. "Ulichokisema redioni ndicho unachokiamini. Kaa nacho."

Kisha akanigeukia mimi. Mimi niliyegombana na kinyozi, na wateja, na mume, niliyejikata kidole kwa ajili yake. Akaniuliza, "Na wewe, wifi? Umeipenda?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kudanganya, na mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na kwa siku zile zote alikuwa amedanganywa na watu wa kutosha kwa heri na kwa shari. Nikamwambia ukweli, "Sijaipenda. Mimi muziki wenu wote hauniingii. Lakini ni kazi yako, na anayetaka kukutoa kwenye kile kiti kwa sababu ya mzaha wa redioni hana akili." Nyaya akatazama viatu vyake. Wifi akacheka, kicheko kifupi cha kweli, cha kwanza tangu Jumamosi, akasema sawa, basi anayeipenda hapa ni yeye peke yake, na inatosha. Akamwambia Nyaya kwamba kesho yake atakwenda mazoezini kama kawaida, na kama kuna mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake, wamwambie wote wakiwa wamesimama mbele yake, wasitume mtu mlangoni kwa watu.

Walimwambia. Nawapa haki yao, walisimama wote, na mmoja alilia. Jumanne hiyo jioni lori dogo la kukodi likaegesha mbele ya karakana, ngoma zake zote nyuma, na matoazi yamefungwa kwenye shuka. Mume wangu alitoka mbio. Tangu habari ilipotufikia kwa simu alikuwa ameshasogeza makochi ya wateja kupata nafasi, amefagia, ametandika na zulia, maskini, kana kwamba anapokea mgeni. Akanyoosha mikono kuipokea ile ngoma kubwa, ile aliyoinunua kwa kuuza baiskeli yake.

"Usiguse," wifi akasema.

Hakupandisha sauti. Akaniita mimi, na dereva, tukashusha sisi watatu, moja moja. Mume wangu alibaki amesimama katikati ya mlango, hajui mikono aiweke wapi, mpaka ikambidi wifi amwambie apishe. Siku ile hata mimi nilimwonea huruma, na hasira zangu hazikupungua hata chembe.

Ngoma zipo kwenye kona ya karakana mpaka leo, na jioni anazipiga, taratibu, vile vile walivyomkataza. Ukiwa nje husikii kitu. Amepata wasichana wawili wenye magitaa, wanakuja, wanajaribu. Kazi anafanya, chakula tunakula pamoja, na mume wangu akimsemesha anajibu kwa heshima zote. Ila tangu siku ile ya lori hajamwita tena kaka. Anamwita fundi, kama wateja.