Mbwa Akikunusa, Simama

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari wa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kisanduku cha barafu chenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Akaona nilivyokikumbatia, akacheka.

"Kuchanja mbwa wala si kazi, dada. Kazi ni watoto. Mtoto akimwona mbwa anatimua mbio, na mbwa akiona kinachokimbia anakifukuza. Kawafundishe kusimama."

Mie mzaliwa wa Masasi, niliyekulia na mbwa wa kuwinda, nikajua nitalimaliza somo hilo kabla ya chai. Weee!

Nilizunguka shule kwa shule, kutoka Keko hadi Vingunguti, nikifundisha kusimama nguzo: miguu pamoja, mikono ubavuni, macho kwenye vidole vya miguu, mdomo kimya. Mbwa anayekula haguswi, wala mwenye watoto. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, mwambie mkubwa, uende hospitali siku hiyo hiyo. Hapo sikuwa na utani, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, hakuna dawa.

Vingunguti ndiko nilikogonga mwamba. Kule machinjioni mbwa hawakosekani, na Mwanahamisi wa darasa la pili alikuwa ameshaumwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Sindano alimaliza, ila kutoka peke yake akakataa katakata. Bibi yake alimsindikiza shule na madrasa huku magoti yakimsumbua.

"Nikishindwa mie, anarudi Lindi," bibi aliniambia. "Na kule kwa babu yake shule iko mbali. Ndiyo basi tena."

Nikamfundisha mwenyewe. Uani alisimama vizuri kuliko askari, barabarani akakimbia.

"Mwanangu, unaogopa meno?"

"Siyo meno, mama. Pua. Pua yake imelowa. Akinigusa, nitaingiaje madrasa na najisi?"

Mie Mkristo, jambo hilo halikuwahi kunijia. Watoto wote wale niliowaona barabarani wakikusanya kanzu zao na kukimbia, nikawaita waoga, kumbe walikuwa wanalinda usafi wao!

Nikaenda kwa maalimu wao, mzee mkali ambaye hata wazazi walimwogopa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nguo inafuliwa, mwili unaoshwa," alisema. "Mguu uliotafunwa utafuliwa?"

Akawaita watoto, akasimama nguzo mbele yao na kanzu yake nyeupe, macho kwenye vidole, mpaka wakaanza kucheka chini chini. Kesho yake pipa la maji likawekwa mlangoni pa madrasa. Nilimpenda mzee yule.

Jioni hiyo nikamfuata Mwanahamisi kwa mbali. Mbwa wa kahawia akamjia. Akasimama nguzo, macho kwenye vidole. Mbwa akanusa pindo la baibui, akaenda zake.

"Mama, amenilowesha!" alipiga kelele, anacheka na machozi yanamtoka. Akaenda kwenye pipa, akajiosha, akaingia. Mie nililia pale pale njiani, wala sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu, na watu wazima wenye ndevu zao bado wananiamkia, "Shikamoo, Mama Mbwa." Naitika kwa raha zangu.

Juzi Mwanahamisi alikuja kunisalimia na mwanawe mdogo. Mbwa wangu akachomoka getini. Yule mtoto akasimama nguzo, na mama yake hakumvuta; akasimama naye.

"Mama, kashaondoka?" mtoto alinong'ona bila kuinua macho.

"Bado, mwanangu. Tulia. Maji kwa Mama Mbwa yapo."

Nilikuwa nimeshainuka kufuata ndoo.