Sitaha Tuliyoiacha na Viraka

Siku yangu ya kwanza karakanani Bulyaga sikushika brashi. Fundi Mkuu alinipa nyundo ndogo ya mbao akasema, "Kwanza jifunze kusikiliza." Tulitengeneza matangi ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Baadaye nilihamishiwa Kyela, chini ya Msimamizi wa Vyombo, nikazizoea mashua.

Niliporudi Bulyaga, lori lilipandisha mashua ya tanga kutoka Ziwa Nyasa. Ilikuwa ya muuguzi aliyevusha wajawazito wa vijiji visivyo na barabara. Sitaha, ile sakafu ya juu wanayokanyaga abiria, ilikuwa imefifia na kujaa nyufa nyembamba.

"Tata, ipakeni rangi tu," alisema muuguzi, akimwita Fundi Mkuu baba kwa lugha ya kwetu. "Wananisubiri kule."

"Rangi ni poda, mwanangu. Wewe humpaki mgonjwa poda ukamwambia amepona."

Muuguzi akacheka. "Haya, daktari, mpime!"

Tuligonga sitaha yote. Palipo pazima palilia sauti kavu. Karibu na mlingoti sauti ikawa nzito. Sitaha ya namna hii ina matabaka mawili ya faibaglasi, na ubao mwepesi katikati. Maji yakipenya, ubao huoza, na rangi huufungia unyevu ndani. Hapa Rungwe, kwa mvua na ukungu wetu, fundi huona juu pamekauka kidogo, akakimbilia kupaka.

Muuguzi hakucheka tena. "Na akina mama?"

"Watapata shida, sikufichi. Lakini mmoja akitumbukia mguu hapa, katikati ya ziwa, utamshika yeye au utashika tanga?"

Aliitazama sitaha. "Ndaga, tata," akashukuru. Akashuka ziwani kuazima mtumbwi.

Tulipofungua, ubao ulitoka kwa vidole, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Tulikausha kwa majiko ya mkaa, tukaweka ubao mpya, tukaugandishia faibaglasi, kisha tukafunika kwa ganda la kuzuia jua na maji. Viraka havikulingana rangi na sehemu nyingine. Muuguzi alipoifuata mashua yake, nikamwambia sasa tunaweza kupaka yote, ipendeze.

"Iacheni hivyo," alisema. "Wakiniuliza, nitawaeleza kilichokuwa chini."

Nimestaafu sasa, vijana wangu. Kupaka rangi si kosa. Sitaha ikiwa nzima na kavu, ipakeni, mchanganye mchanga laini watu wasiteleze. Mimi mwenyewe nimepaka nyingi, nazo zilipendeza. Ile hatukuipaka kamwe, na akina mama waliikanyaga mpaka muuguzi naye alipostaafu.