Siku nilipoingia kilioni na paka wa dada yangu

Ndugu zangu, haya ya siku ile bado iko usoni mwangu, na mukitaka kucheka mucheke tu, maana mutaa wetu muzima wa Songo ulishacheka mbele yenu. Minye, mwalimu wa hesabu, muntu ambaye wazazi wananisalimia kwa heshima barabarani, nilimunywesha paka chai ya mujane, katikati ya sala, katekista ananiangalia, na minye niko na singlendi tu.

Ilikuwa wakati wa vita. Dada yangu Esperansi, muganga wa wanyama, alivuka kwenda Bujumbura kwa kazi, mupaka ukafungwa nyuma yake, basi nikabaki na paka wake Tantine, ambaye (musicheke kwanza) ana ugonjwa wa sukari. Dada aliniachia chupa ya insulini ndani ya mutungi wenye muchanga uliolowa ili ikae baridi, seringe ndogondogo za kudungia, na amri: mustari moja wa seringe asubuhi, moja jioni, akiisha kula, usiongeze hata kidogo mpaka niseme, na akilegea umupake kitu cha sukari kwenye fizi. Paka huyo dada anamupenda kuliko anavyonipenda minye, na simulaumu.

Sasa Tantine akaanza kunywa maji, bakuli la kwanza, la pili, la tatu, hata maji ya kuoshea vyombo anakunywa. Nilishaambiwa kwamba kiu ni dalili ya sukari kupanda, basi nikapiga hesabu (kichwani, karatasi sikushika): maji mara tatu, dawa mara tatu. Nikavuta mistari mitatu, nikadunga, nikajisifu mbele ya muke wangu.

Saa mbili hazikupita, Tantine anayumba, akaanguka ubavu, anatetemeka. Tafuta sukari! Nyumbani hakuna, asali hakuna, maduka matupu tangu barabara ya Luvungi ifungwe. Muke wangu akakumbuka kilio cha jirani: muzee wa nyumba alizikwa juzi, na ndugu zake wa Katogota walimuletea mujane sukari kidogo, ya chai yake peke yake, sababu alikuwa hajagusa chakula.

Nikamufunga Tantine ndani ya kitenge, nikakimbia kama nilivyo. Kuniona nimekumbatia kitenge, machozi yanatoka, ninaomba sukari, wamama wakafikiri ni mutoto, wakapasua njia, mumoja akaanza kulia kabisa, katekista akakatiza sala, na mujane, Mama Veronika, akanisogezea kikombe chake mwenyewe cha chai. Ningesema ukweli pale pale. Sikusema. Nilichovya kidole, nikafunua kitenge, na mukia ukatoka.

Minong'ono ikaanza, wengine mwalimu amerukwa na akili, wengine ni uchawi huu. Katekista akanyoosha mukono achukue kikombe. Nilijua nikikiachia Tantine anakufa, na dada nitamuambia nini, nikabaki nimekishika, kidole kwenye fizi za paka, ninaomba radhi hovyohovyo. Mama Veronika akamuzuia katekista.

"Umuache," akasema. "Juma hii nimezika mumoja. Inatosha."

Jamani, nililia. Yeye akashika kichwa cha paka, minye ninachovya, tunapaka, tunapaka, mpaka Tantine akafungua macho, akalamba kidole, kisha akaingiza uso ndani ya kikombe. Ndipo Mama Veronika akaniuliza paka huyu anakula nini siku hizi. Nikamuambia ni ndagala kavu, dagaa wetu wa ziwani, ile ya chumvi nyingi, maana askari walifunga ziwa na mbichi hazipatikani.

"Sasa mwalimu, weye ukikula chumvi kila siku, haukunywi maji?"

Kilio kizima kikacheka, katekista naye, mujane naye. Nikatoka na paka wangu mikononi, nina haya, nina furaha, karibu nicheze njiani.

Tangu siku ile ndagala ninailoweka kwanza chumvi itoke, na sindano ni mustari moja, basi, hesabu zangu zibaki darasani. Dada aliporudi nilimueleza yote kabla majirani hawajaniwahi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama Mama Veronika alipata chai nyingine siku ile.

Sikujua. Sikuwa nimegeuka hata kuangalia.