Jiwe la Kijani la Kiguu na Njia
Walimwita Kiguu na Njia, naye hakukasirika, maana hata kitanda chake alikitaka kiwe cha kukunjwa. Maisha yake yote ya ndoa mama huyu alichimba shaba, na shaba yake ilikuwa ya juu tu: ile iliyo karibu na uso wa ardhi, iliyopigwa na mvua na hewa mpaka ikageuka kijani. Jiwe hilo ukilitia kwenye pipa la tindikali, linatoa shaba bila ubishi. Lakini ukishuka hadi kwenye maji, kijani kinakwisha. Unakuta jiwe la manjano, linang'aa kweli kweli, ila limeshikana na madini ya kiberiti, yaani salfa, na tindikali yake hailing'ati ng'o. Basi shimo likifika maji, yeye ameshafunga virago. Mume hufuata na masufuria, akinung'unika. Watoto wao kila mmoja alizaliwa kando ya shimo lake.

Safari hii mume aligoma. Alifyatua matofali, akajenga vyumba viwili, akaapa kuzeekea hapo. Kilichobaki ni choo. Asubuhi moja akasema shimo la choo limegonga mwamba, amelifukia, atachimba kwingine.

Mkewe hakuridhika. Mwamba gani huo? Hakuwahi kuamini shimo asiloliingia mwenyewe. Mume alipokwenda kuchota maji, akachukua sururu, akafukua ule udongo laini hadi akazama kiunoni. Akaokota jiwe, akalilamba kama wachimbaji wafanyavyo, vumbi litoke rangi ionekane. Kijani kibichi. Na mkanda wa jiwe hilo ardhini ulielekea moja kwa moja chini ya chumba cha kulala.

Alipoinua kichwa, mume alikuwa amesimama na ndoo.

"Uliliona," mke akasema.

"Nililiona, mama watoto. Ukichimba, nyumba inakwenda. Mimi nimechoka kuhama. Nimechoka mno."

Miguu ilimwasha mke. Alitaka kuchimba, alitaka sana, na hakuweza kuutazama uso wa mumewe. Akapanda juu, akaliweka jiwe kando, akashika koleo, akaanza kurudisha udongo huku akisonya. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Na hilo la kando?" mume akauliza.

"Niache bwana. Hili la kuzuia mlango, upepo usiubamize."