Mjapani Aliyevua Nguo Kipupwe

Nyie wenzangu mliokwenda shule na kipande cha kuni kwapani na kiazi cha moto mfukoni, kiazi cha kupasha mikono kwanza ndipo kiliwe, nyie ndio mtakaonielewa. Hawa wa siku hizi wakiona ukungu wa Lushoto wanaupiga picha. Sisi tuliupita peku, pua zinatiririka, na tukifika shule mwalimu anauliza mbona tumechelewa, kana kwamba yeye asubuhi ile aliuona hata mlango wake.

Mimi niliishia la saba, sijifichi. Lakini leo ulizia kitalu changu cha miche kuanzia kule chini Mombo, kondakta atakushusha mlangoni kwangu hata jina hujamaliza kulitaja. Wenye digrii zao wanakuja kununua mti mfupi ndani ya chungu, halafu wananiuliza nimesomea chuo gani. Nawaambia nimesomea kwa bibi yangu, jikoni. Wanacheka, wanadhani natania.

Baba yangu, Saidi, alipata kazi ya bustani kwa Mama Berta, mjane wa Kijerumani aliyekuwa na nyumba kule juu penye misonobari. Mama huyo alikuwa na mti mmoja alioupenda kuliko paka wake. Ulitoka Japani, Wazungu wanauita mepo, nao ulikuwa bonsai, yaani mti mkubwa uliofundishwa kukaa mdogo. Kwa umri ulimzidi baba, kwa urefu haukumfika magotini. Majani yake yalikuwa kama viganja vya mtoto mchanga, na shina limepinda kama mzee anayetafuta sindano iliyoanguka. Baba aliupunguza ncha kwa mkasi mdogo, akayaongoza matawi kwa waya, akaunywesha maji kidogo kidogo kama anayelea kifaranga. Majirani hawakumwacha.

"Saidi, mti gani huo? Kuni hauna, tunda hauna, kivuli hakimtoshi hata kuku!"

Baba alikuwa hajamaliza mwaka pale, Mama Berta akasafiri kwao kutibiwa macho. Mti aliuleta nyumbani kwetu mwenyewe, ameukumbatia. "Saidi, bustani yote ikifa nitapanda nyingine. Huu, hapana."

Baba akajibu mbele ya majirani, na hapa mtajua majigambo nimeyarithi wapi: "Mama, huu ukifia mikononi mwangu, usiniite tena mtunza bustani. Nitashuka bondeni nikakate mkonge."

Mama yetu akaguna. Wanaume walioshuka kwenye mkonge tulikuwa tunawaona sikukuu hadi sikukuu, tena wengine wakirudi tunaambiwa tuwaamkie, hatujui ni nani.

Mti tukaupa jina, Mjapani. Kipupwe kilipoingia, majani yake yakawa mekundu kama kanga ya harusi. Sisi watoto tulifurahi. Baba akaanza kuyahesabu kila asubuhi. Kisha yakaanza kudondoka, moja moja, mpaka Mjapani akabaki fito tupu.

Sasa, Mshambaa dawa ya baridi anaijua: moto. Mjapani akaingizwa jikoni, akalala baina ya ndama na mafiga. Mama akamfunga kanga kuukuu kiunoni. Mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha moto hauzimiki, kazi niliyoifanya kwa bidii ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuiona. Kadiri tulivyompasha ndivyo alivyozidi kukauka.

Habari zikaenea. Jirani yetu Mzee Hoza, yule yule aliyekuwa wa kwanza kuucheka, akapanda kilima na unga wake kwenye kikapu, akaketi mkekani, akasema, "Saidi, pole. Kazi ya Mungu haina makosa." Baba akaitikia kwa sauti ya mfiwa. Kwa mti! Wengine wakafuata. Mzee Hoza alipoondoka, baba akatoa panga lake akaanza kulinoa kwa safari ya mkonge, na mama akaenda kusimama nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Muda wote huo bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Rangwi kwa shangazi aliyejifungua. Aliporudi alikuta jikoni kumejaa moshi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na huyu mgonjwa wa kanga ni nani?"

"Ni Mjapani, bibi. Amekufa."

Bibi akainama, akalikwaruza tawi kwa ukucha wa kidole gumba. "Amekufa, na ndani bado kijani hivi?" Akamshika baba mkono kama mtoto, akamtoa mpaka uani ulipokuwa mpichesi wake. Nao ulikuwa mtupu, hauna jani hata moja.

"Na huyu je? Kila kipupwe anavua nguo. Nani amewahi kumletea unga?"

Wallahi, hakuna. Tulikuwa tunaning'iniza nguo kwenye mpichesi ule, tunaukwea, tunaiba matunda yake. Hatukuwahi kuutazama.

"Mti unataka kulala, nyie mnauwashia moto usoni. Utoeni nje."

"Mama, baridi itaumaliza."

"Saidi, wewe mwenyewe nilikulaza ukalala, na hakukuwa na mtoto mbishi kama wewe. Utoe."

Mjapani akawekwa chini ya mpichesi. Haukupita muda, kondakta wa basi akaleta salamu: Mama Berta anakuja Ijumaa. Ijumaa ikafika, Mjapani bado yuko uchi. Baba hakugusa chakula. Panga lilikuwa limesimama mlangoni, linang'aa.

Mama Berta akafika, akavaa miwani yake mipya. "Nani ameuweka nje kwenye baridi?"

Baba akasogea mbele. "Mimi, mama."

"Mwongo," bibi akasema. "Ni mimi."

Yule mama akashusha pumzi, akacheka mpaka akaketi. "Njia nzima sikulala! Nilisahau kukwambia kwamba hulala kipupwe. Nilijua nitakuta mmeuweka jikoni." Kisha akakiona chungu, cheusi tititi kwa masizi. Akamtazama bibi. Bibi akatazama ukungu.

Panga likarudi darini. Mpichesi ulipotoa maua, Mjapani naye akachipua, na baba akapewa tawi la kuotesha liwe lake.

Kipupwe hiki Mjapani wangu, aliyetokana na tawi lile, amevua kama kawaida yake. Nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, niwaone watasemaje. Chai haijapoa, wamejaa: mishumaa, vikatuni vinavyolia, "pole mzee." Mwanangu wa Dar akaniambia Kariakoo kuna ya plastiki, haidondoshi kitu. Hakuna aliyesema anakuja. Mzee Hoza alipanda kilima na unga kwa ajili ya mti aliokuwa anaucheka.

Yeye, baba, bibi na mpichesi wake wote wametangulia. Pale uliposimama mpichesi ndipo ninapomlaza Mjapani, na asubuhi nakaa naye, ukungu umenifika kifuani, kiazi cha moto mfukoni. Jana nimemkwaruza kidogo kwa ukucha. Kijani.

Kwenye kundi sijawaambia. Anayetaka kujua kama ni mzima, apande mlima aje akwaruze mwenyewe.