Jina Lililotupwa Ng'ambo ya Mto

Mpaka mwaka jana, mgeni akifika mtaani kwetu Mikelenge tulimwonya mapema: yule mzee mrefu anayepita na gunia la makaa, usimwite kwa nyuma. Utaita mpaka koo likukauke. Wengine walimwona ana maringo, wengine walimhurumia uziwi, na watoto wa shule walikuwa na mchezo wao wa kupiga kelele "Badibanga! Badibanga!" kisha kukimbia. Uziwi gani? Mimi nikinong'ona na wateja wangu wa mchele upande huu wa ukuta, yeye upande wa pili anacheka. Kusikia alisikia. Kuitika ndiko alikokataa, tangu vita. Ukimtaka, unakwenda mbele yake akuone uso, ndipo anasema, "Karibu, mama Salama."

Baba yake Badibanga alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akataka mtoto naye avae kofia ya reli. Mtoto alipenda kelele. Akaingia bendi ya Orchestre Nyota ya Mikelenge, akawa atalaku wao, yule anayepiga mayowe magitaa yakishapata moto. Mkono mmoja alitikisa kopo la dawa ya mbu lililojaa mbegu, na mdomo ukatupa majina. Jina lako likitupwa, unainua mkono, unaitika "Niko!", na baa nzima inageuka kukutazama. Nawajua watu waliolala njaa Jumamosi ili Jumapili wasimame pale na shati safi waitwe.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja. Hutupi jina la mtu ambaye macho yako hayamwoni hapo hapo. Jina likitupwa lazima mwenyewe awepo alidake. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini moto wa matanga hauachwi uzimike.

Gitaa la solo lilikuwa la Onema, mtu wa hapa hapa, mpole, mwembamba, rafiki yake Badibanga wa tangu utoto. Kanda zao zilipigwa Kibombo, zilipigwa Punia kwenye machimbo, na nyakati treni zilipokuwa zinatembea, watu wa Lubumbashi walishuka stesheni wakiuliza, Nyota wanapiga wapi? Hilo si la kubisha. Mimi ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu, baa haikuwa mahali pangu, lakini niliuza mihogo ya kuchemsha mlangoni pao, na masikio hayana mlango.

Halafu vita ikatuzunguka. Treni zikalala. Wenye bunduki walioshika mji walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na sisi tulikuwa katikati na sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Kwenda shamba ilikuwa kubahatisha roho. Wakubwa wa mji wakaamuru Nyota wapige kila Jumapili ili ionekane mji umetulia. Na kwa kuwa jua likishuka hakuna aliyeruhusiwa kutoka, muziki ulipigwa mchana, juani, kwenye ile baa ya ukingoni mwa mto Lualaba. Watu wamekonda, wanacheza na vivuli vyao saa tisa. Sikuipenda ile hali hata kidogo.

Wiki moja Onema alivuka mto kwenda Alunguli, ng'ambo, kutafuta mihogo. Hakurudi. Mkewe Hélène alikuwa na mimba changa. Jumapili ilipofika amri ilikuwa ile ile, wapige, basi Didier wa gitaa la pili akashika nafasi ya Onema. Hélène alikuja akasimama mbele ya Badibanga, mimi nikiwa pembeni na beseni langu.

"Shemeji, umutupie jina yake."

"Siwezi, shemeji. Ule hayuko hapa. Jina yenye haina muntu itaenda wapi?"

"Itaenda ng'ambo. Kama iko na roho, atasikia. Weye haumupendi?"

Hapo alimpata. Badibanga alimpenda Onema kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Magitaa yalipopata moto alitikisa kopo, akageukia mto, akatupa: "Onema wa Hélène!"

Na ng'ambo ikaitika: "Niko!"

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Muziki ulikatika wenyewe. Tulikimbia wote mpaka majini, na ng'ambo kulikuwa na matete, na jua, na hakuna mtu. Hélène alicheka na kulia pamoja. "Mumesikia? Amesema iko!" Kutwa nzima alirudia hivyo, na sisi tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa dini yake.

Jumapili iliyofuata baa haikutosha. Nani katika mji huu hakuwa na mtu aliyepotea? Walikuja na majina ya wana, ya waume, ya mama zao. Badibanga aliyatupa yote, jasho likimtiririka, na yote yaliitikiwa. "Niko!" "Niko!" "Niko!" Watu waliruka kwa furaha mpaka mama mmoja, ambaye jina lake la kutupwa lilikuwa la binti yake mdogo, akasimama ghafla. Akasema, "Ile si sauti ya mutoto wangu. Ile ni sauti ya mwanaume." Tukasikiliza vizuri. Majina yalikuwa mengi. Sauti ilikuwa moja, na Hélène aliijua ni ya nani.

Wanamuziki waliogopa, wakasema hawapigi tena. Wakubwa wa mji wakawaambia watapiga, wakaweka askari mlangoni. Basi wakapiga Jumapili ya mwisho, midundo imelegea, kila mmoja akimtazama mwenzake vibaya. Badibanga aliapa hatatupa jina lolote, na hakutupa. Magitaa yalipofika pale pa majina akafunga mdomo, akatikisa kopo tu.

Ndipo majina yakaanza kutoka ng'ambo.

"Badibanga wa Mikelenge!" Kwa mtindo wake mwenyewe, na kile kicheko cha Onema nyuma yake. Nilimwona Badibanga akiziba mdomo kwa lile kopo, macho yamemtoka. Ikaita tena. Hakuitika. Ikakaa kidogo, halafu ikaita, "Didier wa gitaa!"

Didier, maskini, alikuwa ameinamia nyuzi zake. Maisha yake yote alikuwa akiitwa jukwaani na kujibu. Mkono ukapanda wenyewe. "Niko!"

Kesho yake watu walimwona akivuka peke yake, gitaa mgongoni, bila kugeuka nyuma. Mtumbwi ulikutwa umekwama Lokandu. Gitaa lilikuwamo, Didier hakuwamo. Na hivyo ndivyo Nyota ilivyovunjika, wasikudanganye wanaosema waligombania jina la bendi. Walitukanana kweli, walisukumana, wakamwita Badibanga mchawi. Wengine wakaenda kwa pasta, wengine wakakimbilia makwao. Badibanga akabaki na kopo lake, akaanza kuuza makaa, na hakuitika tena mwito wa mtu yeyote asiyemwona.

Aliyeumia zaidi alikuwa Hélène. Vita ilipokwisha, ndugu za Onema walikuja kufanya matanga. Aliwafukuza. Alisema, nitamliliaje mtu aliyesema yuko? Alikataa nguo za mjane, alikataa mume mwingine, na kila siku aliweka sahani ya pili mezani. Elodie, binti wa ile mimba, alikua akiitazama sahani ile. Mwaka jana Elodie alipata mchumba, kijana mzuri kutoka Kibombo, na baba zake wadogo wakasema neno lao: hatuwezi kupokea mahari ya binti ambaye baba yake si mzima wala si maiti. Kwanza Onema akae kitini, au kwanza aliliwe. Hélène akasema Onema atakaa kitini. Mchumba akaanza kuchoka.

Elodie alikwenda kwa Badibanga, akasimama mbele yake kama inavyotakiwa. "Baba mukubwa, mumuite tena. Mama asikie mwenyewe."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake akaingia ndani, akatoka na kopo.

Tulikwenda ukingoni siku ya Jumapili, saa tisa, juani. Wa Nyota alikuwepo Arsène mpiga ngoma peke yake, mzee sasa, na ngoma moja. Hélène aliketi kwenye kiti, na kando yake akaweka kiti kitupu. Arsène akapiga, Badibanga akatikisa, akatupa: "Onema wa Hélène!"

Mto ulipita. Akatupa tena. Hakuna.

"Hajasikia," Hélène akasema. "Umutupie tena." Nikaona wazi kwamba hata kimya kisingemtosha. Angengoja kwenye kiti kile mpaka afe, na binti yake angezeeka kando yake.

Badibanga alimtazama, akamtazama Elodie. Halafu akageukia mto upesi, kama mtu aliyeitwa. Sisi hatukusikia kitu, naapa. Akainua mkono.

"Niko!"

Arsène aliangusha fimbo ya ngoma. Hélène akauliza polepole, "Njo Onema amekuita?"

"Ndiyo, njo yeye, shemeji."

"Anasema nini?"

"Anasema ushuke chini. Anasema amechoka kukungojesha."

Hélène akashuka kitini. Akakaa mchangani kama mjane, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akatoa kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu ujana wake. Wanawake tukamzunguka, mikeka ikaletwa, na moto ukawashwa pale pale. Nililia mpaka macho yakavimba, kwa uchungu na kwa raha. Miezi miwili baadaye Elodie aliolewa.

Je, Badibanga aliitwa kweli, au alimdanganya Hélène ili amfungue? Nimemuuliza uso kwa uso. "Kuitika nimeitika, mama Salama," akasema. "Basi." Lakini yaliyompata Didier aliyajua kama ninavyoyajua mimi, na alijua anafanya nini alipoinua mkono ule.

Siku hizi anamwitikia kila mtu. Watoto wameacha mchezo wao, hauna utamu tena. Mimi nilijipa kazi: nikitoka asubuhi kufagia, namwita juu ya ukuta, "Badibanga!" Yeye anajibu, "Niko!" Nafagia na moyo wangu umetulia.

Leo asubuhi nilitoka na ufagio, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia: "Niko!" Nikachungulia. Alikuwa amesimama uani amenipa mgongo, uso kaelekeza mtoni, kopo mkononi. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti yangu yote. Hakugeuka.