Wanawake Walioketi Katikati ya Kahawa

Mwaka wake wa mwisho wa kazi ya kuwatunza wazee majumbani, London, Teresia Wambui alikuwa na mteja mmoja tu wa alasiri: Pushpa, mjane wa Kihindi wa miaka sabini na sita, aliyeishi karibu na stesheni ya Rayners Lane. Macho ya Pushpa yalikuwa yamefifia, hivyo baada ya chakula na vidonge Teresia alimsomea kitabu. Walikuwa wameelewana tangu siku ya kwanza, Pushpa aliposikia lafudhi yake akauliza, "Wewe wa wapi, mama?" Kumbe wote wa Ruiru, Kenya. Baba yake Pushpa alikuwa na duka kando ya shamba la kahawa.

Januari hiyo Teresia aliazima maktabani riwaya ya maisha ya mashambani, kusini mwa Marekani. Mwalimu mweusi anapigwa kwa kunywa maji kwenye bomba la Wazungu. Kesho yake watu weusi arobaini wanapanga foleni mbele ya bomba lile lile, kila mmoja na kikombe chake.

Hapo Teresia akakilaza kitabu mapajani.

"Endelea basi," Pushpa alisema.

"Ngoja kidogo, Mama Nikhil," Teresia alisema, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida. "Nimemwona mama yangu."

Akasimulia. Alikuwa na miaka sita, Uhuru ukikaribia. Meneja Mzungu alimzaba kofi mwanamke aliyeitwa Wanjeri kwa kuacha kuchuma kahawa ili amnyonyeshe mtoto. Wanjeri hakulia. Aliketi chini. Mama yake Teresia akatua kikapu, akaketi kando yake, kisha wale wa mstari wa pili, mpaka shamba zima likanyamaza. Siku tatu walikuja asubuhi wakaketi tu, kahawa ikiiva na kudondoka. Teresia bado aliisikia harufu yake tamu, ya kuchacha juani, na wimbo wa kanisa uliorushwa kutoka mstari hadi mstari. Yeye alidhani ni sikukuu. Siku ya nne meneja alikuja kwa miguu, kofia mkononi, akamwomba Wanjeri msamaha mbele ya wote.

"Lakini tulilala njaa!" Teresia alicheka. "Duka lilikuwa limefungwa."

Pushpa hakucheka. "Lilikuwa letu," alisema. "Meneja alimwambia baba afunge, naye akafunga. Mimi nilikuwa dirishani, ghorofani. Niliwaona."

Teresia alivaa koti, akaaga kwa adabu, akaondoka. Njia nzima hadi kwake Croydon, treni baada ya treni, alijaribu kumkasirikia, lakini kila mara alimwona msichana wa miaka kumi na mitano nyuma ya kioo, akiwatazama wale wanawake walioketi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mtu mwingine London aliyewaona.

Kesho yake alifika saa ile ile. Pushpa alikuwa amekaa wima kitini, sari safi, kama anayesubiri hukumu.

"Nilitaka kushuka," alisema. "Baba alinishika mkono."

Teresia alikaa karibu naye. "Ungeshuka, tungekusogezea nafasi."

"Mama yako alivaa kitambaa cha rangi gani?"

"Cha njano."

"Basi namkumbuka," Pushpa alisema. "Ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo."

Teresia alilia kidogo, bila aibu. Kisha wakajaribu kuukumbuka ule wimbo, mmoja akishika maneno, mwingine sauti, na siku hiyo kitabu hakikusomwa.